Mshukiwa Si Mhalifu: Mafunzo Kutoka Filamu ya Kauboi ya Mwaka 1935

Somo la toleo hili linatoka mahali ambapo huenda hukupatarajia, nako ni katika filamu ya kauboi. Katika vibanda vya video vya miji yetu ya mpakani, filamu za kigeni zimeoneshwa kwa miaka mingi, na mfasiri, ambaye nchini Uganda huitwa VJ na nchini Kenya DJ, huzisimulia kwa lugha ya watazamaji. Wengi hutoka humo wakikumbuka farasi, bastola na ngumi. Jambo hili si geni barani kwetu. Mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, waliiga mavazi, mwendo na ubabe wa makauboi waliowaona sinema.

Leo tunakusudia kuitazama filamu mojawapo ya aina hiyo kwa jicho jingine. Ni filamu ya gharama ndogo inayomhusu askari kanzu, yaani askari aliyevua sare na kuficha cheo chake ili apeleleze. Mambo yanatokea karibu na mpaka wa nchi mbili, na kosa linalopelelezwa ni la noti bandia. Swali lililomo ndani yake ni swali ambalo sisi wakazi wa mpakani, pamoja na askari wetu, hukutana nalo mara kwa mara: ikiwa ipo sababu ya kumshuku mtu, je, tumekwisha kumpata mhalifu?

FILAMU YENYEWE

Filamu hiyo inaitwa Paradise Canyon. Ilitoka nchini Marekani mwezi wa Julai mwaka 1935, ikiongozwa na Carl Pierson, na urefu wake haufiki saa moja. Ni ya mwisho katika mfululizo wa filamu 16 ambazo John Wayne aliigiza chini ya jina la kampuni ya Lone Star na kusambazwa na kampuni ya Monogram kati ya mwaka 1933 na 1935. Filamu hizo zilipigwa kwa siku chache tu kila moja, kwa fedha kidogo, na waigizaji wale wale walirudi katika filamu moja baada ya nyingine. Wayne alikuwa na umri wa miaka 28, na sifa kubwa aliyoipata kwa filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 ilikuwa bado mbele yake.

Askari anayeficha cheo chake ni mhusika wa kawaida katika mfululizo huo. Katika filamu ya kwanza, Riders of Destiny ya mwaka 1933, Wayne ni mtumishi wa serikali aliyetumwa kwa siri katika bonde ambalo tajiri mmoja ameyahodhi maji yake. Katika Blue Steel ya mwaka 1934 ni afisa wa sheria anayejificha ili amnase mwizi. Katika Randy Rides Alone ya mwaka huo huo, mpelelezi mwenyewe anashikwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Watunzi wa filamu hizi fupi walikuwa na haja ya kisa chepesi, na kisa chepesi kuliko vyote ni cha mtu asiyejulikana ni nani. Hata hivyo, ndani ya wepesi huo mna jambo zito.

KISA KWA UFUPI

John Wyatt, mtumishi wa serikali ya Marekani, anatumwa katika eneo la mpaka wa Marekani na Mexico kuwasaka watu wanaotengeneza na kusambaza noti bandia. Jicho la upelelezi linamwangukia mtu mmoja anayeitwa Daktari Carter. Sababu za kumshuku zipo. Carter amewahi kufungwa gerezani kwa kosa hilo hilo la noti bandia. Tena hana makao ya kudumu: anasafiri mji hata mji pamoja na binti yake Linda na wasanii wachache, akikusanya watu kwa nyimbo na michezo, kisha akiwauzia dawa ambayo ndani yake mna kileo kingi kuliko kitu kingine chochote. Naye mwenyewe huinywa.

Wyatt hamkamati. Anajiunga na msafara huo kama mlenga shabaha, anasafiri nao, anakula nao, na anatazama. Msafara unafika katika mji anakoishi mtu anayeitwa Curly Joe Gale. Hapo ndipo ukweli unapoanza kujitenga na uongo. Miaka mingi iliyopita, Gale ndiye aliyembambikia Carter kesi iliyompeleka gerezani, na Gale ndiye anayeendesha biashara ya noti bandia hadi sasa. Mzee aliyeshukiwa kwa kila sababu hana hatia. Mwenye hatia ni yule aliyekaa mjini kwa utulivu. Baada ya hapo filamu inarudi katika desturi ya makauboi ya mbio za farasi na risasi, na mwishowe Wyatt anamwendea Gale mwenyewe.

Liko jambo moja nje ya kisa linalofaa kutajwa. Aliyeigiza nafasi ya Gale ni Yakima Canutt, bingwa wa michezo ya hatari ya farasi ambaye baadaye alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Mara nyingi katika mfululizo huu Canutt aliigiza jambazi, na papo hapo ndiye aliyemwakilisha Wayne katika matukio ya kuanguka na kuruka. Mtazamaji alimchukia kwa sura yake ya ujambazi, kisha akamshangilia bila kujua alipomwona kwa mbali katika mavazi ya shujaa.

KWA NINI NOTI BANDIA HUHITAJI UPELELEZI WA SIRI

Mtunzi wa kisa hakulichagua kosa hili kwa kubahatisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, inakadiriwa kuwa hadi theluthi moja ya fedha iliyokuwa mikononi mwa watu ilikuwa bandia. Mwezi wa Julai mwaka huo, serikali iliunda idara ya upelelezi iitwayo Secret Service chini ya wizara ya fedha, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupambana na noti bandia. Kazi ya kuwalinda marais, ambayo leo ndiyo inayoijulisha idara hiyo duniani, ilikuja baadaye.

Kosa hili lina tabia yake. Mwizi wa ng'ombe huacha zizi tupu, na mwenye ng'ombe hupiga kelele usiku huo huo. Noti bandia haina kelele. Inapita katika mikono kumi ya watu wasio na hatia kabla ya mmoja kuigundua, na huyo aliyeigundua aghalabu ndiye anayeshikwa nayo mkononi. Ukimkamata aliyenayo, huenda umemkamata aliyedhulumiwa. Kwa hiyo mpelelezi hana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa mnunuzi hadi kwa mwuzaji, kutoka kwa mwuzaji hadi kwa msambazaji, mpaka afike penye mtambo. Kazi hiyo haifanyiki kwa sare na king'ora.

Mpaka nao una sehemu yake. Mahali ambapo fedha za nchi mbili hubadilishwa kila siku, watu huzipokea noti ambazo hawakuzizoea. Mfanyabiashara anayeijua noti ya nchi yake hata gizani huweza kudanganywa mchana kwa noti ya jirani.

Mwezi wa Desemba mwaka 1925, afisa mmoja kutoka Hungary alipeleka noti ya faranga 1,000 za Ufaransa katika benki mjini The Hague, Uholanzi, ili abadilishiwe. Noti ilitiliwa shaka, na kutokana na noti hiyo ikafichuka njama nzima ya kutengeneza faranga bandia nchini Hungary. Waliohukumiwa mwaka uliofuata hawakuwa wachuuzi wa dawa wala watu waliotoka kifungoni. Miongoni mwao walikuwamo mwana wa ukoo wa kifalme, Lajos Windischgraetz, na Imre Nádosy, aliyekuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima. Jarida la polisi halipaswi kuliruka jambo hilo. Cheo si cheti cha uaminifu, kama vile kifungo cha zamani kisivyo cheti cha uovu.

Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mjini Geneva tarehe 20 Aprili 1929, miaka sita kabla ya filamu yetu. Mkataba huo uliweka misingi miwili ambayo mkazi wa mpakani anapaswa kuifahamu. Kwanza, anayeghushi fedha ya nchi jirani asiadhibiwe kwa wepesi kuliko anayeghushi fedha ya nchi yake. Pili, kila nchi iwe na ofisi moja kuu ya kushughulikia kosa hili, ili ofisi hizo ziwasiliane moja kwa moja kuvuka mipaka.

SOMO LA KWANZA: SHAKA NI MLANGO, USHAHIDI NDIO NYUMBA

Tazama hoja zilizokuwa dhidi ya Daktari Carter. Amewahi kufungwa. Ni mgeni kila afikapo. Biashara yake haina heshima. Anakunywa. Kila moja ya hoja hizo ni kweli, na hata zikijumlishwa pamoja hazithibitishi kwamba alitengeneza noti hata moja.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mpelelezi ana haki ya kushuku. Bila shaka hiyo asingejua pa kuanzia. Lakini shaka humpa mtu kazi ya kutafuta. Haimpi ruhusa ya kuhukumu. Wyatt angekuwa mtu wa haraka, angemkamata Carter siku ya kwanza, taarifa ingepelekwa kwa wakubwa kwamba kazi imekwisha, na mtambo wa Gale ungeendelea kuchapa noti. Mzee asiye na hatia angerudi gerezani mara ya pili kwa kosa la mtu yule yule. Basi kumkamata asiyehusika si kumwonea yeye peke yake. Ni kumpa mhalifu halisi ulinzi ambao hakuulipia.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Katika filamu hii macho yote yanamtazama mgeni na gari lake la farasi, ilhali adui ni mwenyeji anayesalimiwa na kila mtu. Nasi katika vijiji vyetu, mifugo ikipotea au duka likivunjwa, ni nani anayetajwa kwanza? Ni yule aliyevuka mpaka juzi. Ni yule anayesema lugha yetu kwa lafudhi ya ng'ambo. Ni yule aliyetoka kifungoni mwaka jana. Pengine ni yeye kweli. Pengine siye. Umati uliokwisha kushika mawe hauna nafasi ya kuuliza. Mtu akiuawa kwa kosa la kudhaniwa, hakuna rufaa, na walioshika mawe wamekuwa wahalifu mbele ya sheria hata kama marehemu alikuwa mwizi.

Na yupo binti, Linda. Filamu inampa nafasi ya mpenzi wa shujaa, kama ilivyo desturi ya filamu hizi, lakini hali yake inafaa kufikiriwa. Yeye hakushitakiwa kwa lolote, ila ameubeba mzigo wa jina la baba yake barabarani. Mtu akibambikiwa kesi, nyumba nzima hufungwa pamoja naye.

SOMO LA PILI: ASKARI KANZU NAYE ANA MIPAKA

Wananchi wengi huwaogopa wapelelezi wa siri, na hofu hiyo haitokani na hewa tupu. Mtu anayekula nawe huku anakuandika anaweza kuitumia nafasi hiyo vibaya. Filamu hailigusi jambo hili sana, kwa kuwa shujaa wake ni mwema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika maisha halisi wema wa mtu hautoshi. Sheria haina budi kuwepo.

Marekani yenyewe ilikuwa imelijadili jambo hili miaka mitatu tu kabla ya filamu. Wakati ule pombe ilikuwa imepigwa marufuku. Katika jimbo la North Carolina, afisa wa serikali alijifanya mtalii, akamtembelea mtu aitwaye Sorrells, akamwomba amtafutie pombe. Sorrells alikataa. Afisa alipogundua kwamba wote wawili walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia katika divisheni moja, alimsihi tena kwa jina la uaskari wao wa zamani, mpaka Sorrells akaondoka na kurudi na pombe. Akakamatwa. Mwezi wa Desemba mwaka 1932, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mshitakiwa wa namna hiyo anayo haki ya kujitetea kuwa alinaswa na serikali katika kosa ambalo asingelitenda kwa hiari yake.

Mafunzo yanayotoka hapo ni wazi. Askari kanzu anaruhusiwa kuficha sare yake. Haruhusiwi kulipanda kosa ili alivune. Wyatt anajiunga na msafara na kutazama. Hamshawishi Carter atengeneze noti, wala hamtilii noti mfukoni. Kutazama ni upelelezi. Kushawishi ni mtego, na kumtilia mtu kitu mfukoni ni kosa la jinai kama alilotenda Gale. Raia anayeijua tofauti hiyo hana sababu ya kumwogopa mpelelezi mwaminifu, na ana haki ya kumlalamikia asiye mwaminifu.

SOMO LA TATU: MPAKA UNA WENYEWE

Katika orodha ya wahusika wa Paradise Canyon yumo kapteni wa Rurales, polisi wa mashambani wa Mexico. Mtunzi hakujali tarehe: kikosi hicho kilichoanzishwa mwaka 1861 kilivunjwa mwaka 1914, zaidi ya miaka 20 kabla ya filamu. Hata hivyo, kuwapo kwake kunakumbusha ukweli ambao makauboi wengi wa sinema huusahau, kwamba ng'ambo ya mstari kuna serikali nyingine, yenye askari wake na sheria zake.

Historia ya mpaka huo inaonyesha njia mbili. Njia ya kwanza ni ya makubaliano. Mwezi wa Julai mwaka 1882, Marekani na Mexico zilikubaliana kwamba majeshi ya kila upande yaweze kuvuka mpaka yanapowafuatia wapiganaji wa Kihindi, lakini katika sehemu zisizokaliwa na watu tu, kwa kutoa taarifa kwa wakuu wa upande wa pili, na kwa sharti la kurudi mara pigano linapokwisha au nyayo zinapopotea. Tunaweza kuuliza kuhusu haki ya vita vyenyewe dhidi ya wenyeji hao wa asili. Utaratibu wa kuvuka, angalau, ulikuwa wa kuombana na kuarifiana.

Njia ya pili ni ya mabavu. Tarehe 9 Machi 1916, wapiganaji wa Pancho Villa waliuvamia mji wa Columbus, katika jimbo la New Mexico, wakaua raia na askari. Siku chache baadaye, Jenerali Pershing aliingia Mexico na maelfu ya wanajeshi kumsaka Villa, na serikali ya Mexico ikapinga. Mwezi wa Juni wanajeshi wa Marekani na wa serikali ya Mexico, ambayo nayo ilikuwa adui wa Villa, walipigana wao kwa wao mahali paitwapo Carrizal. Majeshi hayo yaliondoka mwezi wa Februari 1917. Villa hakupatikana. Wawili waliokuwa na adui mmoja nusura waingie vitani, na adui akabaki milimani.

Mhalifu wa mpakani hutegemea jambo hilo hilo: kwamba anayemfukuza atasimama penye mstari, au atauvuka na kuzua ugomvi mkubwa kuliko kosa lenyewe. Dawa yake ni mawasiliano. Katika ukanda wetu, wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda chombo chao cha ushirikiano, EAPCCO, mjini Kampala mwaka 1998, na ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi ndiyo sekretarieti yake. Kwa njia hiyo mshukiwa aliyekimbilia ng'ambo hutafutwa na askari wa huko, na kukabidhiwa kwa utaratibu wa sheria. Njia hiyo ina makaratasi mengi na haina mbio za farasi. Lakini kesi inayofika mahakamani kwa njia halali ndiyo inayosimama.

YALE AMBAYO FILAMU HAIYASEMI

Hatupendi msomaji adhani kwamba tunaisifu filamu hii katika kila jambo. Shujaa wake humaliza kesi kwa ngumi na bastola. Mahakama haionekani ikifanya kazi yake ipasavyo: ndiyo iliyomfunga Carter kimakosa, na filamu haikawii kueleza ni vipi hukumu hiyo itafutwa. Hatuambiwi ni nani atakayemrudishia mzee huyo miaka yake. Katika maisha halisi, kazi kubwa huanza pale filamu inapomalizika: kuandika maelezo ya mashahidi, kuhifadhi vielelezo, kumfikisha mshitakiwa mbele ya hakimu, na kumsikiliza anapojitetea.

Pia filamu inamcheka Carter kwa dawa yake ya kileo, na kumsamehe. Sisi tusicheke haraka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ililazimisha kiasi cha kileo kiandikwe juu ya dawa za aina hiyo, kwa sababu watu walikuwa wakiumizwa nazo. Carter hana hatia ya noti bandia; hilo halifanyi kila alichokiuza kuwa halali. Uadilifu ni kumhukumu mtu kwa alichokifanya, bila kumwongezea na bila kumpunguzia.

NASI TUFANYE NINI

Ukipokea noti unayoitilia shaka, ilinganishe na nyingine unayoijua: ipapase karatasi yake, itazame mwangani, igeuzegeuze uone alama zake. Ukiona kasoro, usiipitishe kwa mwingine ili kuepa hasara. Kuipitisha kwa kujua ni kosa, na ndivyo noti bandia inavyoishi. Usimpigie kelele ya mwizi aliyekupa, kwa kuwa huenda naye alidanganywa kama wewe. Kumbuka ulikoipata, saa ngapi, na kwa nani, kisha ipeleke benki au kituo cha polisi. Maelezo yako ni hatua moja ya kurudi nyuma kuelekea penye mtambo.

Ukimshuku mtu, toa taarifa ya ulichokiona, wala si ya unachokidhani. "Nimeona watu watatu wakishusha mizigo usiku kando ya mto" ni taarifa. "Wale watu wa ng'ambo ni wezi" ni chuki, na haimsaidii mpelelezi yeyote.

Ukihisi kwamba mtu fulani ni askari kanzu, usilitangaze jina lake sokoni. Unaweza kuyahatarisha maisha yake, au ya mpita njia asiyehusika kabisa aliyefananishwa naye. Lakini mtu akija kukukamata bila sare, unayo haki ya kumwomba ajitambulishe na akueleze kosa unaloshukiwa.

Na kwa aliyemaliza kifungo chake, tumwachie nafasi ya kuishi. Adhabu aliyopewa na mahakama ilikuwa na siku ya mwisho. Tusimwongezee nyingine isiyo na mwisho.

MASWALI YA MAJADILIANO

Maswali haya yanafaa kwa vikao vya polisi jamii, shule na vikundi vya vijana.

1. Taja sababu zote zilizofanya Daktari Carter ashukiwe. Ni ipi kati ya hizo ni ushahidi wa kosa lenyewe?

2. Kama Wyatt angemkamata Carter siku ya kwanza, ni nani angefaidika, na ni nani angeumia?

3. Eleza tofauti kati ya mpelelezi anayetazama na mpelelezi anayeshawishi. Kesi ya Sorrells inatufundisha nini?

4. Kwa nini askari wa nchi moja hapaswi kumfuatia mhalifu hadi nchi ya pili bila idhini, hata kama mhalifu anamwona kwa macho?

5. Mahali unapoishi, ni watu gani hutajwa kwanza kosa linapotokea? Kuna ushahidi gani juu yao?

6. Kijana mmoja ameipokea noti bandia ya nchi jirani kwa malipo ya siku nzima ya kazi. Hana fedha nyingine. Mshauri la kufanya, na useme jamii inaweza kumsaidia vipi asishawishike kuipitisha kwa mwingine.

Swali la sita ni gumu kuliko mengine, kwa kuwa aliye na njaa hasomi mikataba ya Geneva. Tunaomba vikundi visilikimbie. Wakazi watakaoweza kulijibu kwa pamoja, mwenye duka, mbadilisha fedha, mzazi na askari wakiwa katika kikao kimoja, watakuwa wameufunga mlango ambao akina Curly Joe Gale hupitia.